Chuma cha Kurasini na manowari iliyoitwa Goliath

*"Shikamoo mtaalamu. Tunajenga upya nyumba ya marehemu babu hapa Kurasini, Dar es Salaam. Mafundi wakichimba msingi wamekutana na chuma kilichochongoka upande mmoja, urefu kama dhiraa, unene haufiki shibiri, mwanaume mmoja anakinyanyua kwa taabu. Babu alikuwa akitusimulia kwamba Dar ilipigwa mizinga na meli ya Mwingereza iitwayo Goliati, kisha ikakimbilia Rufiji ikazama, na mabaki yake yapo hadi leo. Alisema pia baba yake alichukuliwa Unguja kutia makaa katika meli hiyo hiyo, hakurudi. Sasa amekuja mtu anasema ndani ya chuma kuna zebaki nyekundu ya Mjerumani, tukikate kwa grainda tugawane. Je, ni kombora la Goliati kweli? Na maneno ya babu yana ukweli gani?"*

Marahaba. Nitaanza na chuma. Meli itangoja, iko chini ya maji tangu 1915 na haina haraka.

Msikikate. Msikigonge nyundo, msikiviringishe, msikipakie kwenye bajaji kukipeleka kwa mtu. Makombora mengi ya Waingereza ya zama zile yalijazwa lidaiti, yaani asidi ya pikriki iliyoyeyushwa ikamiminwa ndani ikaganda. Asidi hiyo ikigusana na metali kwa miaka mingi huzaa chumvi zinazoweza kulipuka kwa msuguano au mshtuko mdogo tu. Wengi hudhani kombora lililolala ardhini zaidi ya miaka mia limeshakufa. Mara nyingi kilichoshindwa siku lilipotua ni fyuzi peke yake, na mzigo wa ndani ungali pale pale. Inawezekana pia ni kombora tupu la mazoezi, lakini hilo huwezi kulijua kwa kulitazama, na grainda ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kulijua.

Ondoeni watu na watoto, simamisheni ujenzi, pigeni 112 au mtume mtu kituo cha polisi kilicho karibu. Polisi watawaita wataalamu wa mabomu wa jeshi. Kama mafundi walishakihamisha kutoka shimoni, semeni hivyo waziwazi, wataalamu wanahitaji kujua. Hili ni jambo la mtu kufika kwa miguu yake akaangalia. Mimi kwa maandishi siwezi kukuhakikishia usalama wa kitu ambacho sijakiona, na hata ningekiona pichani nisingethubutu.

Kuhusu zebaki nyekundu, haipo. Kuna madini mekundu yenye zebaki na salfa, yanajulikana tangu kale, lakini si utajiri wa kumfanya mtu akate bomu, wala hakuna jeshi lililoyatia ndani ya makombora. Tena mgeni wenu mwenyewe hesabu zake hazikubaliani: kombora la Mwingereza limebebaje mali ya Mjerumani? Zebaki pekee inayoweza kuwamo humo ni chembe ya fulminati ya zebaki kwenye kiwashio, nayo kazi yake ni moja tu, kulipua. Mwambieni hivyo, kisha mwonesheni mlango.

Sasa tuje kwenye meli. Babu yako alishika mambo mengi kwa usahihi. Goliath ilikuwapo kweli, na iliipiga Dar es Salaam kweli. Alikokosea ni Rufiji, na kosa hilo nimelisikia kwa watu wengi wa pwani. Ni hadithi ya meli mbili maadui iliyokunjwa ikawa ya meli moja.

Goliath iliteremshwa majini Machi 1898 huko Chatham, kusini-mashariki mwa Uingereza, ikaanza kazi 1900. Ilikuwa moja ya manowari sita za kundi la Canopus. Waingereza walizibuni wakiwa na wasiwasi na nguvu ya Japani iliyokuwa ikikua Mashariki ya Mbali, wakataka manowari kubwa inayoweza kufika huko haraka kwa kupitia mfereji wa Suez. Basi wakaifanya nyepesi kidogo kuliko dada zake waliotangulia, isizame sana majini. Hata hivyo ilikuwa na tani zipatazo 13,000, na ilihitaji maji ya kina cha mita 8 hivi ndipo ielee. Shika hiyo mita 8, ina kazi mbele.

Silaha zake kuu zilikuwa mizinga minne ya inchi 12, miwili mbele na miwili nyuma, kisha mizinga kumi na miwili ya inchi 6 ubavuni. Mwendo wake ulikuwa maili 18 za bahari kwa saa. Safari yake ya kwanza ya kazi ilikuwa China mwaka ule ule wa 1900, wakati wa uasi wa Mabondia, yaani Wachina waliowainukia wageni, ikakaa huko hadi 1903. Baada ya hapo maisha yake ni ya kuhamishwa kutoka kikosi hadi kikosi, Mediterania na bahari za nyumbani, pamoja na kuvunjikiwa shafti ya rafadha mwaka 1908 na kulala Malta ikitengenezwa. Hapo pana machache ya kusimulia.

Kilichoizeesha si kutu. Mwaka 1906 Waingereza wenyewe waliteremsha Dreadnought, yenye mizinga kumi ya inchi 12 badala ya minne, na mitambo ya tabo, yaani magurudumu yanayozungushwa na mvuke, iliyoipa mwendo wa maili 21. Siku ile kila manowari iliyotangulia, ya Uingereza na ya dunia nzima, iligeuka mzee. Goliath ilikuwa na umri wa miaka sita tu tangu ianze kazi. Kufikia 1913 ilikuwa imewekwa akiba Pembroke, Wales, na mabaharia wachache wa kuilinda. Ukisikia mtu anasema Dar ilipigwa na meli ya kisasa ya kutisha kuliko zote, mwambie apunguze. Kwa watu waliosimama ufukweni ilitisha, na haki yao. Kwa wakubwa wa London ilikuwa meli ya kutumwa mahali ambapo hawakutaka kuhatarisha meli nzuri.

Ndivyo ilivyotujia sisi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914 iliamshwa, ikalinda mwambao wa Uingereza, mwishoni mwa mwezi ikasaidia kuwashusha askari Ostend nchini Ubelgiji. Septemba ikaelekezwa Bahari ya Hindi kulinda misafara ya askari kutoka India iliyokwenda Ghuba ya Uajemi na Afrika Mashariki. Mmoja wa misafara hiyo ndio uliokwenda kuaibika Tanga mwanzoni mwa Novemba. Goliath ilikuwa miongoni mwa walinzi wake, lakini mitambo ikaisumbua, ikabaki nyuma. Kazi ya Tanga ikaangukia meli ndogo zaidi, Fox.

Siku unayoitafuta wewe ni tarehe 28 Novemba 1914. Kwenye bandari ya Dar es Salaam kulikuwa na meli za Kijerumani, zikiwamo König, Feldmarschall na Tabora, hii ya mwisho ikiwa imepakwa rangi za meli ya hospitali. Waingereza walishuku kwamba zinapeleka makaa na chakula kwa manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha Rufiji. Mdomo wa bandari ulikuwa umezibwa kwa sehemu, maana Wajerumani walikuwa wamezamisha hapo chelezo chao cha kuelea, kwa hiyo Goliath na Fox zilibaki nje zikatuma boti. Kulikuwa na mazungumzo na maofisa wa mji, bendera nyeupe ikapanda, Wajerumani wakakubali meli zikaguliwe. Waingereza wakaingia, wakaanza kuharibu mitambo na kuchukua mateka. Walipokuwa wanatoka wakamiminiwa risasi kutoka kingo zote mbili za mlango wa bandari.

Nani alivunja ahadi? Waingereza walisema walipigwa risasi chini ya bendera nyeupe. Wajerumani wakasema ruhusa ilikuwa ya kukagua, si ya kubomoa mitambo na kuteka watu. Ukiniuliza mimi, kila upande ulitia maneno yake kwenye makubaliano ambayo hayakuandikwa vizuri. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba ofisa wa Goliath aliyeongoza boti zile, Henry Peel Ritchie, alipata majeraha manane ndani ya kama dakika 25 huku akishikilia usukani. Baadaye alitunukiwa Msalaba wa Victoria, na kitendo chake ndicho cha kwanza kwa tarehe kufanywa na mwanamaji katika vita ile kikaleta nishani hiyo. Kilitendeka hapo mnapopanda pantoni ya Kigamboni.

Goliath na Fox zikajibu kwa mizinga siku hiyo, zikarudia tarehe 30. Nyumba ya gavana wa Kijerumani iliyokuwa ufukweni iliharibiwa na mizinga ya manowari za Kiingereza katika vita vile, kisha Waingereza wakaijenga upya 1922. Ndipo ilipo Ikulu ya Dar es Salaam.

Je, chuma chenu ni cha siku hizo? Kinaweza kuwa, na kinaweza kisiwe. Kwa maelezo yako, dhiraa kwa urefu na mtu mmoja kukinyanyua kwa taabu, kinafanana na kombora la inchi 6, lenye unene wa milimita 152 na uzito wa kilo 45 hivi. Hilo la mizinga mikubwa ya inchi 12 lilikuwa na kilo zaidi ya 380, wasingelinyanyua hata watu wanne. Shida ni kwamba mizinga ya inchi 6 haikuwa ya Goliath peke yake. Fox ilikuwa nayo miwili. Astraea, dada yake Fox, ilikuwa nayo pia, na ndiyo iliyokuja kupiga kituo cha simu ya upepo hapo Dar tarehe 8 Agosti 1914. Mwaka 1916, kabla mji haujatekwa mwezi Septemba, manowari nyingine za Kiingereza zilirudi, pamoja na Vengeance, ambayo ni ya tumbo moja na Goliath na ina mizinga ile ile. Kipimo kikisoma milimita 105, basi tunaongea habari ya mizinga ya Mjerumani. Wataalamu wa jeshi wakishakitia usalama, waombe wakupe kipimo cha kipenyo na alama zilizogongwa kitakoni. Kwa hizo mbili Makumbusho ya Taifa wanaweza kukuambia mengi kuliko mzee yeyote wa mtaa. Kwa kukitazama tu hakuna atakayekuapia kwamba ni cha Goliath.

Sasa Rufiji. Meli iliyokimbilia huko ni Königsberg, chini ya nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia bandari ya Unguja alfajiri ikaizamisha Pegasus ya Waingereza iliyokuwa imelala ikitengenezwa mitambo. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yapo hadi leo kwenye kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe. Kisha ikaingia katika mikono ya Rufiji ikajificha nyuma ya mikoko, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Chatham ikaigundua mwishoni mwa Oktoba.

Goliath ililetwa kusaidia kuifungia isitoke. Kumbuka zile mita 8. Delta ya Rufiji ni mikono ya maji yenye mafungu ya mchanga yanayohama, hata jahazi humkwama asiyeijua. Manowari ya tani 13,000 haikuweza hata kuisogelea. Ikabaki mbali baharini na mizinga yake mikubwa kama jitu lililosimama nje ya nyumba ya panya. Mwishowe waliokwenda kumaliza kazi ni Severn na Mersey, vimeli bapa vilivyojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, ambavyo vilihitaji maji ya kina kisichofika mita 2 ndipo vielee. Viliingia Julai 1915, vikipiga bila kuiona Königsberg kwa macho huku ndege ikiwaelekeza kutoka juu, na tarehe 11 ikazimwa. Wajerumani waling'oa mizinga yake wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja unaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa. Gamba lake lilibaki likionekana mtoni miaka mingi, likakatwa vyuma chakavu, lililosalia tope likalimeza. Hayo ndiyo mabaki aliyoyasikia babu. Waliokuwa wakisimulia walijua meli moja ilipiga Dar na meli moja ilizama Rufiji. Kwa mtu wa pwani zote ni manowari za Wazungu, basi zikawa moja.

Goliath yenyewe ilikwenda Simonstown, Afrika Kusini, kutengenezwa kuanzia Desemba 1914. Ikarudi mwishoni mwa Februari kuwa meli ya amiri Herbert King-Hall kwenye zoezi lile lile la Rufiji. Lakini tarehe 25 Machi 1915 ikaja amri, iondoke iende mlango wa bahari wa Dardanelles, Uturuki. King-Hall akahamia Hyacinth, na Goliath haikuonekana tena Afrika Mashariki. Tarehe hiyo ihifadhi, nitairudia nikifika kwa baba wa babu yako.

Huko Uturuki ilisaidia kuwashusha askari Gallipoli tarehe 25 Aprili, ikapigwa na mizinga ya Waturuki siku hiyo na tena tarehe 2 Mei, isiumie sana. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei ilikuwa imetia nanga ghuba ya Morto, ikilinda ubavu wa Wafaransa walioko nchi kavu. Ukungu ulikuwa mzito. Meli ndogo ya Kituruki yenye topido, Muavenet-i Milliye, iliyojengwa Ujerumani, ikateremka na mkondo kandokando ya majabali, ikawapita walinzi. Nahodha alikuwa Ahmet Saffet, na ndani mlikuwa na ofisa wa Kijerumani, Rudolph Firle. Baada ya saa saba usiku zamu ya Goliath ikaona kivuli, ikauliza neno la siri kwa taa. Kivuli kikajibu kwa Kiingereza. Waliposhtuka kwamba jibu silo, topido tatu zilikuwa tayari majini.

Watu huniuliza meli yenye deraya, yaani bamba la chuma la kinga, ya inchi 6 inawezaje kufa ndani ya dakika chache. Jibu ni kwamba deraya ilivikwa kiunoni, pale ambapo makombora ya mizinga hupiga, na topido hupiga chini ya kiuno, kwenye bamba jembamba. Zilipoingia tatu upande mmoja, moja mbele, moja katikati na moja karibu na shetri, maji yalijaa ubavu huo kabla hayajafika ule mwingine. Meli ikainama. Ikishainama, matundu ya mizinga ya ubavuni yaliyokuwa juu ya maji huzama nayo yakawa milango mipya. Hapo hakuna pampu ya kuliokoa gamba, linapinduka. Waliolala chini gizani hawakuwa na njia, na waliofika majini mkondo wa Dardanelles ukawachukua. Walikufa 570 kati ya mabaharia 700 na ushee, pamoja na kapteni wao, Thomas Shelford.

London ilitikisika. Queen Elizabeth, manowari mpya kuliko zote kule, ikaondolewa Dardanelles. Tarehe 15 Mei mkuu wa jeshi la majini, Fisher, akajiuzulu kwa ugomvi wake na waziri wake, Churchill, juu ya vita hivyo, na Churchill mwenyewe akapoteza wizara kabla mwezi haujaisha. Goliath haikuwa sababu pekee, ila ilikuja wakati mbaya.

Tumalizie kwa mzee wenu, na hapa nitakwenda taratibu kwa sababu ni damu yako. Kuchukuliwa Unguja kutia makaa si hadithi ya kubuni. Manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi ziliajiri kwa miaka mingi watu wa pwani yetu, zikiwaita "sidi", na kazi yao kubwa ilikuwa tanurini. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana kabisa. Kama alikuwa Goliath ni swali jingine, maana meli nyingi zilipita hapa, Fox, Chatham, Weymouth, Hyacinth na nyinginezo, na tumeona jinsi jina la Goliath lilivyomeza habari za wenzake.

Waulize wazee waliobaki jambo moja, si jina la meli, bali alionekana lini mara ya mwisho. Watu husahau tarehe lakini hukumbuka Ramadhani, mavuno, mtoto aliyezaliwa. Kama kuna dalili kwamba alikuwa Unguja au Mombasa baada ya Aprili 1915, basi hakuwa ndani ya Goliath. Kama habari zake zilikatika kati ya Novemba 1914 na Machi 1915, mlango uko wazi. Kisha tafuteni jina lake kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, inatafutwa bure mtandaoni. Jaribuni kila namna ambayo karani wa Kiingereza angeliandika, Juma kwa herufi mbili za m, Hamisi bila h, na jina la baba likiwa limeachwa kabisa. Mabaharia waliopotelea baharini wamechongwa kwenye minara ya Plymouth, Portsmouth na Chatham. Vitabu vya safari vya manowari za zama hizo vimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, na mtafiti wa kulipwa anaweza kuvisoma kwa niaba yenu. Nisingekushauri uanze na gharama hiyo kabla ya kupata walau mwaka.

Msipoona jina, msihitimishe kwamba babu alidanganya. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia dola ya Uingereza katika vita vile, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hapo Dar nendeni na Nyaraka za Taifa. Ombeni karatasi za kwanza za utawala wa Kiingereza na mchukue cheti chochote cha zamani cha familia mlicho nacho, hata risiti ya kodi.

Ila hayo yote ni ya wiki ijayo. Leo, kabla jua halijazama, pigeni ile 112.